Majina Tunayopewa Msimu wa Kura

Aproni ya mama mboga wa mtaa wetu ilikuwa ya manjano iliyokolea alipogawiwa kwenye kampeni za 2022. Sasa imefifia, imekuwa kama ganda la kitunguu. Picha ya wilbaro, alama ya chama, iliyochapwa kifuani imebanduka mikono na beseni lake. Limebaki gurudumu peke yake. Jumamosi iliyopita nilifika kibandani kwake kabla ya saa mbili asubuhi, nikamkuta akifuta nyanya moja moja kwa pindo la aproni hiyo na kuzipanga mafungu. Redio yake ndogo ilikuwa ikitaja wanasiasa ambao wameshaanza kuzunguka nchi, ingawa uchaguzi ni Agosti 2027.

“Mzee, umewasikia?” akaniuliza bila kuinua macho. “Wameanza kuniita tena.”

“Akina nani, mama?”

“Hao. Mama mboga hiki, mama mboga kile. Miaka yote hii hakuna aliyenitaja. Sasa shida zangu wanazijua kuliko mimi.”

Nilinunua sukuma wiki na nyanya, nikarudi nyumbani, lakini maneno yake hayakunitoka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima majina ambayo wanasiasa wetu humpa mtu wa chini, na kila ninapoyapima narudi kwenye jambo ambalo mwalimu wangu wa sarufi alitufundisha tukiwa darasa la nne: nafsi. Nafsi ya kwanza ni anayesema. Nafsi ya pili ni anayeambiwa. Nafsi ya tatu ni anayesemwa, naye si lazima awepo.

Chukua neno hasla. Halikuzaliwa jukwaani. Miaka mingi kabla ya kampeni za 2022, kijana wa kubeba magunia Marikiti alikuwa akisema “niko kwa hasla zangu,” na kila mtu Nairobi alimwelewa: anatafuta riziki bila mwajiri, bila bima, bila uhakika wa chakula cha kesho. Lilikuwa neno la nafsi ya kwanza. Mtu alijisemea, na ndani yake mlikuwa na uchovu na fahari kwa pamoja. Kisha neno likapandishwa jukwaani. Likawa “nyinyi mahasla.” Baadaye likawa “sisi mahasla,” likitamkwa na William Ruto, mtu aliyekuwa naibu wa rais tangu 2013 na aliyefika mkutanoni kwa helikopta. Upande wa pili wa mstari waliwekwa “wao,” koo za watawala, familia za Kenyatta na Odinga. Nchi nzima ikagawanywa kwa viwakilishi.

Sitaki kuwacheka walioitikia, maana nami moyo wangu uliitikia. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wanafanya kazi katika sekta isiyo rasmi: vibanda, bodaboda, karakana za jua kali, mashine za kushona barazani. Kwa miongo mingi walikuwa wakiambiwa wapige kura kwa sababu ya kabila la mgombea. Ghafla akatokea mwanasiasa aliyezungumza juu ya wilbaro, mtaji na bei ya unga. Mwaka ule pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilikuwa imepita shilingi 200, na serikali iliyokuwa ikiondoka iliishusha hadi 100 mwezi Julai, wiki chache tu kabla ya kura. Mtu yeyote aliyewahi kusimama dukani akihesabu sarafu mbele ya pakiti hiyo alijua kwamba, kwa mara ya kwanza, siasa ilikuwa ikizungumzia sufuria yake. Ruto alipata asilimia 50.49 ya kura, na wengi wa waliompa hawakuwa wajinga. Walisikia neno lao wenyewe.

Lakini neno likishachukuliwa, mwenye kulichukua hana haja tena ya kumuuliza mwenyewe. Ruto aliapishwa Septemba 13, 2022, na ndani ya siku chache petroli Nairobi ikafika shilingi 179.30 kwa lita baada ya ruzuku kuondolewa. Sheria ya fedha ya 2023 ikapandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Hazina ya Hasla ilizinduliwa Novemba 2022, mkopo wa simu kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba hiyo ni nafuu sana ukilinganisha na ya mikopo mingine ya simu, nami sitaki kuidharau. Ila nenda Marikiti na shilingi 500 uulize bei ya kreti moja ya nyanya, na nauli ya kuirudisha mtaani, na ada ya soko, ndipo utajua kama kiwango kile kiliwekwa na mtu aliyewahi kupanga mafungu. Unapofikiri unamjua mtu kwa sababu umempa jina, humhesabii tena nauli yake.

Ng’ambo ya mpaka, Tanzania, jina lilikuwa mnyonge. Kabla yake palikuwa na kabwela na mlalahoi, yule anayelala hoi. John Magufuli, aliyechaguliwa Oktoba 2015, alijitambulisha kuwa mtetezi wa wanyonge, na ni kweli kwamba wauza bidhaa wa barabarani walipata kwake pumzi ambayo hawakuwa wameijua. Mwishoni mwa 2018 vilianza kugawiwa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Mwenye kitambulisho alitandaza bidhaa zake bila kufukuzwa huku na huko. Kwa machinga aliyezoea kukimbia na mzigo begani, kile kipande cha plastiki kilikuwa heshima. Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Oktoba mwaka huohuo machinga wakaanza kuondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu, Kariakoo na kwingineko, na ikaonekana wazi kwamba heshima ile ilikuwa imeegemea mtu mmoja. Haikuwa haki iliyoandikwa mahali ambapo mtu mwingine asingeweza kuifuta.

Neno lenyewe, mnyonge, linanisumbua zaidi kuliko hasla. Hasla angalau anatembea, anasaka, anabishana bei. Mnyonge amekwisha kushindwa kabla hujaanza kuzungumza naye. Ukikubali kuitwa hivyo umekubali pia kwamba wa kukuinua ni mwingine. Wazee walikuwa na methali inayotaka hata mnyonge apewe haki yake, lakini hata humo wanaozungumza juu yake ni watu wengine.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo, uweke gazeti chini, ukatafute riwaya ya Katama Mkangi iitwayo Walenisi. Ilichapishwa 1995. Mimi nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu wa barabarani katikati ya Nairobi, wale wanaotandaza vitabu juu ya gunia hadi mnunuzi alazimike kuinama. Jalada lilikuwa limechanika na mwanafunzi fulani alikuwa amepigia mistari nusu ya kurasa kwa wino mwekundu. Mhusika mkuu, Dzombo, amehukumiwa kifo kwa kupigania wenzake, anafungiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani ili kimwangamize. Anajifunza kukiongoza. Anafika kwenye sayari ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, na jina la sayari hiyo, ukilitamka polepole, linakuwa sentensi kamili: wale ni sisi.

Sijui kitabu kingine cha Kiswahili ambacho jina lake pekee limebeba hoja nzito kiasi hicho. Siasa za majukwaani zinahitaji ukuta kati ya sisi na wale. Mkangi alichukua kiwakilishi cha mbali, kile tunachokitumia tukiwanyooshea watu kidole, akakiunganisha na nafsi ya kwanza kwa kitenzi kidogo kabisa tulicho nacho. Wale wanaochomewa vibanda. Wale wanaokaa ng’ambo ya mto usionuka vizuri. Ni sisi.

Naye hakuandika akiwa amejificha kwenye maktaba. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mtu wa Pwani ya Kenya, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa kesi chini ya utawala wa Daniel arap Moi. Mwaka 1997 aligombea urais akapata kura chache sana. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2004. Ninapousoma mwaka ule wa 1997 nahisi huzuni ya kweli: mtu aliyetuandikia “wale ni sisi” alisimama mbele yetu kuomba kura, nasi tukamwacha, tukarudi kwenye wale na sisi wetu wa kila siku.

Ukimaliza Walenisi, soma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein hata kama uliisoma shuleni. Hasa kama uliisoma shuleni, maana shuleni tuliisoma ili tujibu maswali. Tamthilia hiyo ya 1969 inasimulia vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, lakini kiini chake ni neno. Kinjeketile anatoa neno linalowaunganisha watu waliokuwa wamegawanyika, na kabla hajalielewa vizuri yeye mwenyewe, neno limemtoroka, limekuwa kubwa kumzidi, na watu wanaliendea na miili yao mbele ya bunduki. Kila mtu anayeandika hotuba za wanasiasa angefaa kuisoma tamthilia hii. Umati ukishalishika neno, aliyelitamka hawezi kulirudisha mfukoni.

Nimetaja vitabu, lakini picha ndizo zinazonikaa akilini zaidi siku hizi. Kule Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mapema miaka ya 1970, palikuwa na mchoraji aitwaye Tshibumba Kanda Matulu. Alichora juu ya magunia ya unga. Nafikiri juu ya magunia hayo kila ninapouona unga dukani. Mke wa mfanyakazi wa migodi ya shaba akipika bugali jioni, na gunia lililobeba unga kama ule limevutwa juu ya fremu, limepakwa rangi, limetundikwa sebuleni. Michoro ya aina hiyo iliuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi aliiweza. Kwa Kiswahili cha Katanga watu walikuwa na neno lao kwa kile michoro hiyo iliwafanyia: ukumbusho.

Mchoro mmoja uliorudiwa mara nyingi na wachoraji wa huko unaonyesha enzi za Wabelgiji. Mtu amelazwa kifudifudi, askari mweusi anamchapa, bwana mkubwa wa Kibelgiji amesimama pembeni, bendera inapepea. Kila nyumba ilijua ile picha inasema nini na haikuhitaji maelezo. Tshibumba alikwenda mbali zaidi. Aliamua kuchora historia yote ya nchi yake, kutoka zamani hadi siku alizokuwa akiishi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko, alinunua zaidi ya michoro 100 ya historia hiyo na kurekodi mazungumzo yao, na mazungumzo hayo yalikuwa kwa Kiswahili. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996, na ukipata nafasi ya kukiona katika maktaba ya chuo, kifungue kwa ajili ya picha hata kama hutasoma maandishi. Katika mchoro mmoja Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa naye karibu na mji huohuo Januari 17, 1961, wamelala, na nyuma yao kuna misalaba mitatu.

Kumbuka wakati alipokuwa akichora. Mobutu alikuwa ameibadilisha nchi jina ikawa Zaire mwaka 1971, akapiga marufuku majina ya Kikristo mwaka uliofuata, na kila mtu akatakiwa kuitwa raia, mwanamume na mwanamke, kwa neno la Kifaransa lililoamriwa kutoka ikulu. Rais alikuwa akimpa kila mtu jina. Na hapo, katika nyumba ndogo Lubumbashi, mchoraji asiye na shahada alijipa jina lake mwenyewe: alijiita mwanahistoria. Hakungoja aitwe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 haijulikani aliko.

Juni 2024 nilimkumbuka sana. Mswada wa Fedha ulipoletwa bungeni ukipendekeza, miongoni mwa mengine, kodi ya asilimia 16 kwenye mkate, vijana wa Kenya waliufungua, wakausoma ukurasa kwa ukurasa, wakaufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za nyanya zao, wakaurekodi kwa simu na kuusambaza. Sikuwahi kuona katika maisha yangu bajeti ikizungumzwa ndani ya matatu kwa hesabu sahihi namna ile. Pendekezo la mkate liliondolewa, lakini wabunge 195 wakaupitisha mswada uliobaki Juni 25. Siku hiyo waandamanaji waliingia majengo ya Bunge, na risasi zikapigwa. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi. Kufikia Julai mosi Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliouawa 39. Andika idadi hiyo mahali, msomaji, kwa mkono wako. Kila mmoja wao alikuwa na jina alilopewa na mama yake.

Walisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Kilichonigusa zaidi ni kwamba walikataa kuitwa. Hawakuwa mahasla tena. Na majina yakaanza kwenda upande mwingine: Rais aliyewaita mahasla akaitwa na wao. Kwanza Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Injili aliyepanda mkuyu. Kisha mwishoni mwa mwaka likaja Kasongo, jina la wimbo wa miaka ya 1970 wa Orchestra Super Mazembe, wanamuziki waliotoka Kongo wakafanya makao Nairobi. Wimbo wa wazazi wetu ukarudi kwenye spika za matatu, watoto waliozaliwa miaka 30 baada yake wakiuimba na kumaanisha jambo jipya kabisa. Rais mwenyewe aliyataja majina hayo hadharani. Nilikuwa nimeketi kiti cha nyuma siku moja, natoka mjini, makanga akapandisha sauti, na abiria wote, yule mama mwenye kuku ndani ya kikapu pamoja nao, wakaitikia kibwagizo.

Vijana hao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika karatasi yenye kichwa Kenya: Twendapi? Angalia nafsi iliyomo ndani ya neno hilo moja. Hakuuliza mnatupeleka wapi, wala hakuwaambia watu kwamba yeye anaijua njia. Alijitia ndani ya swali pamoja na kila mtu. Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, akaandika mashairi gerezani kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Vijana wa 2024 walikuwa na umri uleule. Wengi wao hawajamsoma, na hilo ni kosa letu tuliokuwa na vitabu vyake kwenye rafu. Diwani hiyo ipatikane katika kila maktaba ya kaunti, nakala kumi kumi, na wanaopanga vitabu vya shule walifikirie jambo hili kwa uzito unaostahili.

Jana jioni nilirudi kibandani. Mama mboga ana daftari la madeni, lile la jalada la bluu, limefungwa kwa mpira wa mkononi. Nilikuwa na deni la sukuma na vitunguu. Alilifungua, akapitisha kidole chini ya orodha: Mama Pacha. Fundi wa Viatu. Yule wa Gorofa ya Nne. Mwalimu Mgeni. Kila jina na kiasi chake, kila kiasi na tarehe yake. Mbele ya shilingi 90 alikuwa ameandika Mzee wa Vitabu. Hakuwahi kuniuliza kazi yangu. Alikuwa ameniona tu nikipita na vitabu kwapani kila Jumamosi. Nilimlipa, akapiga mstari.

Nilimwachia ile nakala yangu ya Walenisi, na jalada lake lililochanika. Aliishika kwa mikono miwili, akasogea penye mwanga wa taa ya kibanda, akalitamka jina kwa vipande kama mtu anayekagua noti.

“Wale... ni... sisi.” Akaniangalia. “Wale gani, mzee?”

Kabla sijajibu alikuja mteja akitaka sukuma ya shilingi 20 ikatwe nyembamba. Akaiweka riwaya juu ya mizani, mbali na maji, akafuta kisu kwa aproni.